Mashine iliandika "Err", nami nikairudisha dukani

Najua nimekuwa kimya, na wengine mmeniuliza ile makala niliyoahidi kuhusu kuhifadhi nakala za hifadhidata imepotelea wapi. Itakuja, msijali. Leo nataka kuzungumzia ugonjwa. Msinikimbie, kwani kabla hatujaagana tutakuwa tumerudi kwenye programu, tena programu niliyoiandika kwa mikono yangu mwenyewe, na mtaelewa kwa nini imeninyima usingizi.

Miaka kadhaa iliyopita nilimnunulia mama mashine ya kupima presha. Ni zile ndogo za betri: unafunga kitambaa mkononi, unabonyeza kitufe, inavuma, kisha inakupa namba. Mama ana presha ya siku nyingi, nami nilichoka kumwona akipanda matatu kutoka hapa Mikindani, avuke Makupa hadi mjini, kisa kipimo cha dakika moja. Jioni ile kila mtu nyumbani alitaka kujipima. Si mnajua mambo ya kitu kipya. Mama akapima, nami nikapima, jirani aliyekuja kuomba chumvi naye akapima. Dadangu mdogo, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 24, akanyoosha mkono wa kushoto. Mashine ikavuma, ikatulia, ikavuma tena, ikaandika "Err".

Tukarudia, ikaandika "Err". Nikabadilisha betri, "Err". Nikamwambia akae vizuri, asiongee, asicheke. "Err". Nikafunga kitambaa kwenye mkono wangu mimi, ikasoma bila matata. Sisi waandishi wa programu tunazijua sana hitilafu za aina hii, zile zinazomtokea mtumiaji mmoja tu. Nikatafuta sababu iliyo karibu: mkono wake mwembamba, kitambaa kikubwa, mashine ya bei rahisi. Kesho yake nikairudisha dukani, nikavutana kidogo na muuzaji, nikapewa nyingine. Ile mpya ikampima mama vizuri, nami nikaifunga kesi. Hakuna aliyekumbuka kumpima dadangu tena.

Mashine ile ya kwanza haikuwa na kasoro yoyote. Ilikuwa inatuambia ukweli mtupu: katika mkono huu siusikii mpigo wa damu.

Dadangu alikuwa msusi. Alikuwa na kijisaluni chake hapa hapa mtaani, na ukitaka rasta za kukaa miezi miwili ulikwenda kwake. Malalamiko yake yalianza kwa kitu kidogo. Alisema mkono wa kushoto unachoka. Akiuinua kusuka, baada ya dakika chache unakuwa mzito kana kwamba amebeba mtungi wa lita 20, akiushusha unapata nafuu. Kuanika nguo kukawa adhabu. Kisha zikaja homa za usiku, uzito ukapungua, shingo ikawa inamuuma upande mmoja, na mara mbili tatu akaona giza alipoinuka ghafla.

Tulikwenda kila mahali mnapopajua. Malaria, hakuna. Homa ya matumbo, akatibiwa hata hivyo. Kifua kikuu, hakuna. Zahanati moja ilipata presha 90 kwa 60, akaambiwa ale vizuri na anywe maji. Nyingine ikapata 160 kwa 100, akaambiwa ana mawazo mengi, akapewa vidonge. Kadi yake ilikuwa na presha ya chini mwezi huu na ya juu mwezi ujao, na hakuna hata mmoja aliyeuliza ilipimwa mkono gani. Nyumbani nako shangazi walisema ni upepo, au ni kijicho cha wasusi wenzake, akanyweshwa kombe. Sikuwacheka. Mimi pia nilikuwa na nadharia yangu, na nadharia yangu ilikuwa betri.

Miezi 11 baada ya jioni ile, tabibu mmoja kijana alifanya jambo ambalo halihitaji umeme. Alimshika dadangu vifundo vyote viwili vya mikono kwa pamoja, akafumba macho, akanyamaza. Kisha akaweka kipimo chake cha kusikilizia juu ya mfupa wa mtulinga, upande wa kushoto. Akatuambia anasikia mvumo, kama maji yanayopita kwenye mpira uliobanwa. "Huku mpigo upo," akasema, "na huku sioni kitu." Picha za mishipa zilizopigwa baadaye zilionyesha mshipa mkubwa unaopeleka damu mkono wa kushoto umebana kabisa, na mshipa wa shingoni upande huo nao umeanza kuwa mwembamba.

Jina la ugonjwa ni Takayasu. Uko katika kundi linaloitwa vaskulitisi ya mishipa mikubwa, maana yake kinga ya mwili inashambulia kuta za mishipa mikubwa ya damu, yaani aorta na matawi yake. Ukuta unavimba, unakuwa mnene, na njia ya damu ndani yake inabana. Mara nyingine ukuta hudhoofika badala ya kubana, mshipa ukatanuka kama puto. Kwa nini kinga ifanye hivyo, bado haijulikani. Kwa miaka mingi madaktari wameshuku kwamba kifua kikuu kina mkono wake katika jambo hili, lakini haijathibitishwa.

Nilisoma historia yake, na kuna sehemu iliyonigusa. Mwaka 1908 Mikito Takayasu, daktari wa macho kutoka Kanazawa, Japani, aliwaeleza wenzake mkutanoni habari za mwanamke kijana ambaye mishipa ya ndani ya jicho lake ilikuwa imejizungusha kama shada la maua. Madaktari wawili wengine, Onishi na Kagoshima, wakasema nao wamewahi kuona macho ya namna ile, na kwamba wagonjwa wao hawakuwa na mpigo kwenye kifundo cha mkono. Kila mmoja wa hawa watatu, akiwa peke yake, alikuwa na mgonjwa wa ajabu. Walipolinganisha walichoandika, ndipo ugonjwa ukaanza kuonekana.

Ndugu wa pili katika kundi hili ni uvimbe wa mishipa wa seli kubwa. Takayasu huwapata zaidi vijana, wengi chini ya miaka 40, na wagonjwa wanane au tisa katika kila kumi ni wanawake. Huyu ndugu wa pili huwapata watu waliopita miaka 50, na wengi wamepita 70. Dalili zake ni kichwa kinachouma upya kwa mtu ambaye hakuwa na mazoea hayo, panja zinazouma zikiguswa na kitana, taya zinazochoka wakati wa kutafuna, na kubwa kuliko yote, jicho kupofuka ghafla. Akishukiwa, dawa huanzishwa mara moja bila kungoja majibu ya vipimo, kwa sababu jicho likishapofuka kwa ugonjwa huu kwa kawaida halirudi. Mwenye nyanya au babu nyumbani na alishike hilo.

Sasa swali ambalo kila mtu huniuliza: ni watu wangapi wenye ugonjwa huu? Jibu la vitabuni ni neno moja, nadra. Nikaambiwa neno hilo mara nyingi mno, mara nyingine kama pole, mara nyingine kama kisingizio. Kwa hiyo nikafanya kazi ninayoijua, nikatafuta hesabu zenyewe.

Huko Norfolk, Uingereza, watafiti walikuta karibu wagonjwa 5 wa Takayasu katika kila watu milioni moja. Japani, ambako serikali imeuweka katika orodha ya magonjwa magumu na wagonjwa husajiliwa ili wasaidiwe gharama, kinachotajwa ni 40 au zaidi kwa milioni. Wagonjwa wapya huwa mmoja au wawili kwa kila watu milioni kwa mwaka katika sehemu nyingi zilizopimwa. Katika kaunti ya Olmsted, Minnesota, ambako kumbukumbu za matibabu za wakazi wote zimeunganishwa kwa miongo mingi, walipata 2.6. Yule ndugu wa wazee ndiye wa kawaida zaidi: katika nchi za Skandinavia hupatikana wagonjwa wapya 20 au zaidi kwa mwaka katika kila watu 100,000 waliopita miaka 50.

Tuzidishe. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 47,564,296, na kaunti ya Mombasa watu 1,208,333. Kwa kiwango cha Norfolk, Kenya ingekuwa na wagonjwa wa Takayasu 240 hivi, na Mombasa 6. Kwa kiwango cha Japani, Kenya ingekuwa na 1,900 na Mombasa 48. Hizi si takwimu za Kenya, ni hesabu ya kuzidisha tu, msije mkaninukuu. Lakini tazameni umbali kati ya 6 na 48. Wakiwa 6, dadangu ni bahati mbaya. Wakiwa 48, basi kati ya Likoni, Kisauni, Changamwe, Jomvu na kisiwani kuna wenzake 47, na wengine wao leo wanapewa vidonge vya mawazo.

Mtu ataniambia, kama wangekuwepo tungewaona. Hapo ndipo ninapotofautiana na watu, na hapo ndipo taaluma yangu inaponisaidia. Katika hifadhidata kuna tofauti kubwa kati ya 0 na NULL. Sifuri maana yake tumehesabu na hakuna. NULL maana yake hatuna jibu. Ukijumlisha safu nzima, NULL hurukwa kimyakimya, na jumla inatoka safi kana kwamba kila mtu aliulizwa. Mwanafunzi wa programu hufanya kosa hili wiki ya kwanza. Kuhusu magonjwa tunalifanya maisha yetu yote.

Mifano miwili. Mwaka 2005 madaktari wa hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, walichapisha habari za wagonjwa 272 wa Takayasu waliopita mikononi mwao kwa muda wa miaka 50 hivi. Wagonjwa 272, hospitali moja, bara hili hili letu. Sisemi kwamba Mombasa ni sawa na Cape Town, wala damu za watu si moja. Nasema tu kwamba wao walikuwa na vifaa vya kupiga picha mishipa, na walikuwa na watu waliojua wanatafuta nini.

Mfano wa pili ni wa ule ugonjwa wa wazee. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba ni ugonjwa wa wazungu, na kwamba mtu mweusi haupati ila kwa ajabu. Mwaka 2019 watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, walirudi kwenye rekodi za wagonjwa wa hospitali yao waliokatwa kipande cha mshipa wa panja na kuchunguzwa, wakalinganisha weusi na weupe. Tofauti waliyoikuta ilikuwa ndogo, haikufikia kiwango cha kusema ni tofauti ya kweli. Sasa jiulize: kama daktari amefundishwa kwamba mzee mweusi haupati ugonjwa huu, atampeleka kufanyiwa kipimo? Asipompeleka, hesabu itasema nini mwaka ujao? Itasema hawaupati. Mduara umefunga.

Neno "nadra" lina ubaya mwingine, linamfanya msikilizaji adhani jambo lenyewe ni dogo. Acha niwaeleze linavyokuwa ndani ya nyumba.

Mwaka 1994 watafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani waliandika kuhusu wagonjwa wao 60 wa Takayasu. Ni theluthi moja tu waliofika wakiwa na dalili za mwili mzima kama homa na kupungua uzito. Asilimia 20 ugonjwa uliwajia mara moja ukaisha. Waliobaki uliwarudia au ukaendelea, na asilimia 23 hawakupata kabisa kipindi cha kutulia. Kwa watoto, kuchelewa kugunduliwa kulikuwa mara nne ya watu wazima. Hao walikuwa katika kituo cha utafiti kikubwa kuliko vyote duniani. Sisi tulikuwa na kadi ya karatasi.

Dawa ya kwanza ni steroidi, prednisoloni kwa jina. Inafanya kazi. Ndani ya majuma machache homa ilikatika na dadangu akaanza kula. Lakini uso wake ulijaa kama mwezi, na watu wakawa wanamsimamisha njiani wamwambie, "Umenenepa mashallah, mambo si mabaya." Alikuwa akicheka mbele yao, akifika nyumbani anafunika kioo. Steroidi za muda mrefu hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa na hufungulia mlango maambukizi, kwa hiyo huongezwa dawa nyingine ili kipimo chake kipunguzwe: methotreksati, azathioprini. Kuna dawa mpya zaidi, tosilizumabu, ambayo mwaka 2017 iliidhinishwa Marekani kwa ule ugonjwa wa wazee na Japani kwa Takayasu pia. Kwa familia kama yetu bei yake ni habari ya kusoma tu. Mshipa uliokwisha kubana unaweza kutanuliwa au kuwekewa njia ya kando kwa upasuaji, lakini madaktari hupendelea kungoja hadi uvimbe utulie, la sivyo hubana tena.

Mtaalamu wake yuko Nairobi. Tuna bahati kwamba stesheni ya treni iko hapa Miritini, ni mwendo mfupi. Hata hivyo kila safari ni nauli mbili, siku mbili, na damu ya kupimwa. Saluni ilifungwa. Si kwa sababu alilazwa, bali kwa sababu kazi ya kusuka ni kazi ya mikono iliyoinuliwa, na mkono wake hauinuki zaidi ya wimbo mmoja wa redio. Na alikuwa ameposwa. Upande wa pili walikuja kuuliza kwa heshima zote kama ataweza kuzaa. Jibu la daktari lilikuwa kwamba wengi huzaa salama, ila mimba ipangwe wakati ugonjwa umetulia, methotreksati iwe imeachwa mapema kwa sababu huharibu mtoto tumboni, na presha ilindwe kama mboni ya jicho. Ni jibu zuri, lakini ni refu, na watu waliokuja kuuliza walitaka fupi. Mengine ya hapo ni ya kwake, niliomba ruhusa ya kuandika hadi hapa tu.

Nilisema tutarudi kwenye programu.

Mwaka 2016 niliandika programu ya kupokea wagonjwa kwa zahanati moja, sitaitaja. Jina, umri, uzito, joto, presha. Kwa presha niliweka visanduku viwili, namba ya juu na namba ya chini. Vyote viwili vya lazima. Usipovijaza, kitufe cha kuhifadhi hakibonyezeki. Ukiandika herufi, inakataa. Ukiandika namba iliyo chini ya 60 kwenye kile cha juu, inakuambia kuna kosa, rudia. Nilijivunia sana ukaguzi ule. Niliwahi hata kuwaeleza vijana fulani kwenye semina kwamba takwimu safi huanza mlangoni.

Baada ya yale ya dadangu nilikwenda kwenye zahanati ile nikamwomba muuguzi anionyeshe anavyofanya kazi. Nikamuuliza, "Dada, mashine ikikataa kusoma unafanyaje?" Akanitazama kama mtoto. "Nahamia mkono mwingine, kaka. Kompyuta yako si haikubali nafasi wazi?"

Usiku ule, kwa idhini yao, niliiuliza hifadhidata swali moja bila kugusa jina la mtu: katika maelfu ya vipimo vya presha vilivyoandikwa humu, ni mara ngapi kipimo kilishindikana? Jibu likaja haraka. Sifuri.

Wapendwa, ile haikuwa NULL. Ilikuwa sifuri kamili, safi, yenye kuaminika, na niliitengeneza mimi. Kila mkono uliokosa mpigo ulikuwa umefutwa kabla haujaandikwa, kwa sababu fomu yangu ilikubali mafanikio peke yake. Na ule mkono mwingine, uliosoma vizuri, ukaingizwa bila kusema ni wa kulia au wa kushoto. Mashine ya mama angalau iliandika "Err". Programu yangu ilimlazimisha muuguzi aifute "Err".

Wala si mimi peke yangu. Kenya ilikuwa ya mwanzo katika sehemu hii ya Afrika kupeleka takwimu za afya za nchi nzima mtandaoni, kwa DHIS2, programu huria iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo, mwaka 2011. Ni kazi kubwa na naiheshimu. Lakini fomu za muhtasari zinazoilisha zina mstari wa presha, mstari wa malaria, na mwisho kabisa mstari wa magonjwa mengine yote. Lazima ziwe fupi, naelewa, mtu mmoja hawezi kujaza mistari elfu. Ila tusichukue jumla iliyotoka huko tukasema Takayasu haupo Pwani. Dadangu amehesabiwa mara nyingi katika nchi hii: mara kama homa ya matumbo, mara kama presha. Katika orodha ya kimataifa ya magonjwa, toleo la kumi, ugonjwa wake una namba yake, M31.4. Kwa miezi yote ile hakuna aliyemwandikia namba hiyo.

Basi maoni yangu ni haya. Kila mtu anayepimwa presha kwa mara ya kwanza apimwe mikono yote miwili, na kila programu ya zahanati iwe na mahali pa kuandika mkono gani, na mahali pa kuandika "haikusomeka". Hilo la mikono miwili sikulibuni mimi. Mwongozo wa dunia wa presha uliotolewa mwaka 2020 na jumuiya ya kimataifa ya shinikizo la damu unasema hivyo hivyo: pima mikono yote miwili, tofauti ikizidi 10 kila mara, tumia mkono wenye presha ya juu, ikizidi 20, mgonjwa achunguzwe zaidi. Mimi ninaongeza kisanduku tu.

Nimeshapingwa, na wapinzani wana hoja. Muuguzi yule aliniambia, "Kaka, foleni umeiona?" Nimeiona. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kwamba asilimia 56 ya watu wazima Kenya hawakuwa wamewahi kupimwa presha hata mara moja, kwa hiyo kudai mkono wa pili kunaweza kuonekana kama kudai siagi pale ambapo mkate wenyewe haujafika. Jibu langu ni kwamba sidai kila ziara. Nadai ziara ya kwanza, na nadai zaidi kwa kijana mwenye presha ya juu, maana kijana wa miaka 24 mwenye 160 kwa 100 ni swali, na vidonge peke yake si jibu.

Wengine wanasema tutawatia watu hofu bure. Ni kweli kwamba tofauti kati ya mikono mara nyingi haina maana: mtu alikuwa anaongea, kitambaa kilikaa vibaya. Kwa wazee, tofauti kubwa mara nyingi hutokana na mafuta yaliyoganda kwenye mishipa, jambo ambalo nalo lafaa kujulikana. Tofauti ni sababu ya kurudia kipimo, kisha kumwona daktari. Na kuna mtego wa upande wa pili: ugonjwa ukibana mishipa ya mikono yote miwili, yote itasoma chini huku presha ya kweli karibu na moyo ikiwa juu sana. Hapo hupimwa miguu. Kwa hiyo mikono miwili iliyolingana haimwondolei mtu shaka kama dalili nyingine zipo.

Fomu ile nimeibadilisha. Sasa ina mkono wa kulia, mkono wa kushoto, na kisanduku kidogo cha "haikusomeka" ambacho hakizuii kuhifadhi. Muuguzi alilalamika siku mbili kisha akazoea. Kisanduku kimejazwa mara kadhaa. Mara nyingi ilikuwa betri, mara nyingine kitambaa kidogo kwa mkono mnene. Sijapata Takayasu mwingine, na kwa hesabu zile za juu si ajabu nisipate maishani mwangu. Si hoja. Sasa nikiiuliza hifadhidata ni mara ngapi kipimo kilishindikana, inanijibu kitu ninachoweza kukiamini, na siku mkono wa mtu fulani utakapokataa mara tatu mfululizo katika ziara tatu, itakuwa imeandikwa, na tabibu atakayekuja ataiona.

Dadangu anaendelea. Prednisoloni imeshuka hadi kipimo kidogo, uso umerudi wake. Anafundisha wasichana wawili kusuka, yeye akikaa kwenye kiti na kuelekeza kwa mdomo, na wanasema ni mkali kuliko alivyokuwa akisuka mwenyewe. Presha yake hupimwa mkono wa kulia, na kwenye kadi yake, juu kabisa, ameandika kwa kalamu nyekundu: USIPIME KUSHOTO, HAKUSOMEKI.

Ile mashine ya kwanza sijui ilikwenda wapi. Nadhani muuzaji aliitupa, maana nilimwapia kwamba ni mbovu.

Kama una mashine nyumbani, leo jioni jipime mikono yote miwili, uandike namba zote mbili na uandike ni mkono gani. Na kama unaandika programu ya zahanati, popote ulipo, fungua fomu yako uitazame upya. Kwa leo niishie hapa. Ile makala ya nakala za hifadhidata inakuja, safari hii kweli.